Seli za usaha 10–15 kwenye mkojo: ni UTI, ni figo, au ni kopo? Njooni tuongee

#1 · Darubini ya Igoma

Wakuu salaam,

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa 11 sasa nakaa na darubini hapa Mwanza. Sijaja kutafuta wateja, na maabara yangu siitaji. Nimekuja na jambo moja linalonikera: karatasi ya majibu ya mkojo imegeuzwa hukumu. Mtu anaona "seli za usaha 10–15", anatoka mbio hadi duka la dawa, anameza sipro siku 5. Wiki 3 baadaye karatasi nyingine, namba nyingine, dozi nyingine. Mwaka jana alinijia kijana wa bodaboda na bahasha ya kaki imejaa karatasi za namna hiyo. Nilizihesabu, zilikuwa 7. Zote UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Na hakuwa na UTI hii tunayoitaja kila siku. Nitarudi kwake.

Seli za usaha ni chembe nyeupe za damu, basi. Zimetoka kwenye mshipa zikapenya ukuta wa figo, wa kibofu au wa mrija wa mkojo kwa sababu pale pana kitu kinachochokoza. Mchokozi anaweza kuwa bakteria. Anaweza kuwa jiwe, yai la kichocho, kifua kikuu, kisonono, au zile dawa za maumivu ulizobugia mwezi mzima kwa ajili ya mgongo. Kwa mwanamke zinaweza zisiwe za mkojo kabisa. Zimetoka ukeni zikasombwa njiani. Chembe haiji na barua ya utambulisho. Na mtu mzima asiye na ugonjwa wowote hutoa chache: mpaka 5 kwa kila uwanja wa darubini (lile duara unaloliona ukichungulia), kwa lenzi ya 40, hatushtuki.

Sasa tunazionaje? Wengi mnapimwa kwa kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, chenye visanduku vinavyogeuka rangi. Kijiti hakioni chembe. Kisanduku chake cha chembe nyeupe kinanusa kimeng'enya kiitwacho esterasi, kinachobebwa na aina moja kubwa ya chembe nyeupe, zile neutrofili. Ndiyo maana chembe zikishapasuka kijiti bado kinageuka zambarau huku darubini haioni kitu: kimeng'enya kimebaki kwenye mkojo. Na kuna chembe nyeupe nyingine, limfosaiti, ambazo hazina kimeng'enya hicho, kwa hiyo zikijaa mkojo mzima kijiti kinanyamaza. Kingine ni saa. Kisanduku cha nitraiti, kile cha kutafuta dalili ya bakteria, kinasomwa baada ya sekunde 60, cha chembe nyeupe baada ya dakika 2. Ukiona mtu anachovya, anakung'uta, anaandika palepale, jua ameandika alichokuwa nacho kichwani.

Darubini ni kazi kidogo. Unachukua mkojo mililita 10 hadi 12, unauzungusha kwenye sentrifuji dakika 5, unamwaga maji ya juu, unabakiza kama nusu mililita ya mashapo. Tone moja kwenye slaidi, kioo juu yake, halafu unapita nyanja 10 na kutafuta wastani. Ukipita uwanja mmoja tu uliotokea kuwa na msongamano, unamwandikia mtu ugonjwa.

Na sasa sehemu niipendayo, maana hapa ndipo figo inapojisema yenyewe. Ndani ya figo kuna vijirija vyembamba mno. Kuta zake hutoa protini yenye utelezi. Wataalamu wawili, Tamm na Horsfall, waliieleza mwaka 1950 na mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Protini hiyo ikiganda ndani ya kijirija inachukua umbo lake, kama tambi iliyobaki kwenye kinu cha tambi. Kama pale ndani chembe nyeupe zimejaa, zinanaswa humo humo. Mkojo ukiisukuma tambi hiyo inatoka nzima na sisi tunaikuta kwenye slaidi. Tunaiita kasti. Kibofu hakina vijirija, hakiwezi kutengeneza kasti. Kwa hiyo nikiiona kasti ya chembe nyeupe, naandika kwa kalamu nzito: uvimbe uko kwenye figo.

Lakini hazionekani kirahisi. Zinavunjika, mkojo ukikaa zinayeyuka, sentrifuji ikikimbizwa kupita kiasi zinasagika. Kutoziona hakumaanishi figo iko salama.

Kuotesha mkojo, yaani kuwakuza bakteria waliomo ili tuwajue, nitaeleza mkiniuliza, vidole vimechoka.

#2 · Kipara wa Kwembe

Mkuu umeandika kitabu, lakini nimekisoma chote nikiwa kwenye daladala nimesimama.

Nyongeza yangu: nchi hii ukiumwa kichwa una UTI na taifodi. Ukiumwa goti una UTI na taifodi. Hao ni mapacha, hawatengani hata kwenye risiti.

#3 · MamaTunu

Naomba msaada jamani, uzi umekuja siku yake.

Tangu Ramadhani hii ni mara ya 3 naambiwa UTI. Dawa nikimeza napata nafuu wiki moja, inarudi. Juzi usiku nimeshikwa na homa, baridi inanitetemesha mpaka meno yanagongana, ubavu wa kulia unauma unapanda mgongoni. Nimekwenda maabara ya mtaani kwetu, majibu haya: seli za usaha 20–25, seli za ngozi nyingi, protini alama moja, nitraiti hakuna. Nimepewa vidonge vya nitrofurantoini. Nakojoa kila baada ya dakika 20, vitone tu. Leo asubuhi nimetapika chai yote.

Hii ni figo au ni UTI ya kawaida? Na kama nitraiti hakuna, mbona wameniambia bakteria?

#4 · Darubini ya Igoma

Dada MamaTunu, homa bado ipo? Kama ipo, simu weka chini, nenda hospitali leo. Si kesho.

Karatasi yako inasema mambo mawili yanayogombana. Seli za usaha 20–25 ni nyingi. Lakini "seli za ngozi nyingi" maana yake kopo limepokea vitu vya nje, zile seli bapa zinatoka ukeni na kwenye ngozi ya nje. Sampuli ya namna hiyo kwangu narudisha, namwomba mtu akojoe upya. Siwezi kukwambia usaha ule ni wa wapi.

Kuhusu nitraiti: bakteria wengi wa mkojo hugeuza nitreti iliyomo kwenye mkojo kuwa nitraiti, lakini wanahitaji kukaa nao kibofuni kama saa 4. Wewe unakojoa kila dakika 20. Wameutoa wapi muda huo? Nitraiti ikionekana ni ushahidi mzuri wa bakteria. Isipoonekana haijakanusha kitu. Na wapo bakteria kama enterokokasi ambao hawaigeuzi kabisa, hata uwape usiku kucha.

#5 · Daktari wa Zamu

Nimeingia kwa ajili ya #3 tu.

Dada, sahau namba kwanza. Homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavu, kutapika: hayo matatu yakikaa pamoja, mimi nawaza figo kabla sijaiona karatasi. Kibofu peke yake kinaunguza, kinakukimbiza chooni, kinauma chini ya kitovu. Mara nyingi hakileti homa ya kugonganisha meno. Daktari atakugonga taratibu mgongoni chini ya mbavu, na utajua mwenyewe.

Nitrofurantoini ni dawa nzuri ya kibofu. Kwa figo haifai, kwa sababu inajikusanya kwenye mkojo na haifiki ya kutosha kwenye nyama ya figo. Ndiyo maana hiyo uliyopewa haitakutosha.

Ukifika waambie wachukue mkojo wa kuotesha KABLA ya sindano ya kwanza. Wapime na kreatinini kwenye damu, tujue figo zinafanyaje kazi. Wakikwambia utrasaundi, usikatae. Jiwe likiziba mrija huku nyuma kuna usaha, dawa peke yake haitoshi. Na swali ambalo hujajibu: una mimba? Hata kama unahisi huna, wapime.

#6 · Fundi Makanyagio

Mimi nitakuwa mbaya kidogo. Nyie watu wa maabara mnapiga ramli.

Mwezi uliopita nilikojoa kwenye kopo kubwa, nikagawa vikopo 2. Kimoja maabara ya kwanza, kingine nikavuka barabara maabara ya pili. Ya kwanza: seli za usaha 3–5. Ya pili: 15–20. Mkojo mmoja, mtu mmoja, asubuhi moja. Nani kati yao alikuwa anapima na nani alikuwa anaotea?

#7 · Darubini ya Igoma

Mkuu Fundi, swali lako halina ubaya wowote, ni swali ambalo mkaguzi angetuuliza.

Kabla sijawatetea, nakubali: wapo wanaoandika bila kuangalia. Foleni watu 60, darubini moja, taa yake inazima, na bosi anataka majibu ndani ya dakika 15. Nimefanya kazi na mtu ambaye majibu yake yote ya siku nzima yalikuwa 3–5 kwa wanaume na 8–10 kwa wanawake. Sitasema wapi.

Ila hata waaminifu wawili wanaweza kutofautiana hivyo. Mmoja amezungusha mililita 10, mwingine 3 kwa sababu sampuli ilikuwa kidogo. Mmoja hakuzungusha kabisa, ameweka tone bichi. Mmoja alipima mkojo ungali moto, mwingine aliuweka dirishani kwa muda wa saa 3. Na hili la saa ni kubwa kwa joto letu: mkojo ukikaa nje zaidi ya saa 2, chembe zinaanza kupasuka, hasa mkojo ukiwa mwepesi, na bakteria wawili wa kopo wanakuwa ukoo. Wengine wanatengeneza amonia, mkojo unapoteza asidi yake, kasti zinayeyuka. Unaweza kupima jioni ukapata bakteria tele na chembe chache, wakati asubuhi ilikuwa kinyume. Kama maabara iko mbali, weka kopo kwenye friji, lile eneo la nyuzi 4 si friza, na lifike ndani ya siku hiyo.

Vijiti navyo ni vya kuonea huruma. Kile kichupa kinatakiwa kifungwe kila unapotoa kimoja. Nenda pwani huko kwenye unyevu, ukute kichupa kiko wazi tangu asubuhi ili kurahisisha kazi. Kijiti kilichokunywa unyevu wa hewa kinakwambia unachotaka na usichotaka.

Njia ya kukwepa ugomvi wote huu ipo: usihesabu kwa uwanja wa darubini, hesabu kwa ujazo. Unachukua mkojo ambao haujazungushwa, unaweka kwenye kile kioo chenye miraba cha kuhesabia damu, unapata chembe kwa kila mikrolita. Kuanzia 10 kwenda juu tunasema usaha upo. Inachukua muda, ndiyo maana hamuioni mitaani.

#8 · Mzamiaji wa Kazan

Hiyo ya kuhesabu kwa ujazo mkuu ndiyo mkate wetu wa kila siku huku.

Nasoma udaktari Kazan, Urusi, mwaka wa 5. Huku kipimo hicho kina jina la mtu, wanakiita kipimo cha Nechiporenko, tangu zama za Kisovieti. Unachukua mkojo wa katikati wa asubuhi, wanahesabu chembe katika mililita 1 nzima. Mpaka chembe nyeupe 2000 kwa mwanaume na 4000 kwa mwanamke ni kawaida, nyekundu 1000. Mara ya kwanza nilipoona "chembe 3500" kwenye faili la mama mmoja nilidhani anakufa. Mwalimu akacheka, akaniambia huyo ni mzima, mpe barua aende nyumbani. Namba bila kizio ni kelele tu.

Na kile kioo chenye miraba huku kinaitwa kwa jina la Goryaev, ambaye alikuwa profesa hapa hapa Kazan, kwa hiyo wenyeji wanajisifu nacho kama Wachaga na mbege.

Kuna jambo jingine la zamani wanatufundisha, halihitaji mashine. Mgonjwa anakojoa mfululizo kwenye glasi 3. Usaha ukiwa glasi ya kwanza tu, tatizo liko kwenye mrija wa nje, waza kisonono na ndugu zake. Ukiwa glasi ya mwisho, waza kibofu na tezi dume. Ukiwa sawasawa glasi zote 3, unashuka kutoka juu, waza figo. Si kipimo cha kumaliza kesi, lakini kwa zahanati isiyo na kitu ni dira.

#9 · Bwana Sukari

Wazee wenzangu wa kisukari tujipange. Kijiti changu huwa safi kila mwezi, siku moja daktari mmoja mwangalifu akasema sukari kwenye mkojo ikiwa nyingi inazuia kile kisanduku cha chembe nyeupe kugeuka rangi. Akaagiza darubini. Usaha ulikuwa umejaa.

Ni kweli au alikuwa ananifariji?

#10 · Darubini ya Igoma

Ni kweli tupu, mzee wangu. Sukari nyingi, mkojo mzito sana, vitamini C ya kumeza, dawa za kundi la tetrasaiklini: vyote hivi vinakifanya kijiti kidanganye kuwa hakuna kitu. Mwenye kisukari na homa, mimi sikubali kijiti peke yake.

#11 · Shangazi wa Makorora

Wanangu mnajitesa na majina ya Kirusi. Ndevu za mahindi mnazitupa kwa nini? Chemsha, kunywa glasi asubuhi na jioni, na maji lita 3 kwa siku. Mimi siku ya kwenda kupima hunywa maji lita nzima njiani na majibu huwa safi.

#12 · Kipara wa Kwembe

Shangazi, hapo umepima maji ya bomba la Tanga.

#13 · Darubini ya Igoma

😂 Kipara mwache shangazi.

Shikamoo shangazi. Maji kunywa, ni mazuri. Ila si njiani kwenda maabara. Ukinywa lita nzima, chembe 20 zinakuwa 4 kwenye uwanja wangu, na nyingine zinavimba na kupasuka kwa sababu mkojo umekuwa mwepesi mno. Zile zinazonusurika huvimba, na ndani yake chengachenga zinachezacheza na kumetameta chini ya darubini. Vitabuni vinaziita chembe za kumetameta. Ni kitu kizuri kutazama, ila kwa mgonjwa haina faida yoyote.

Mkojo ninaoutaka mimi: wa kwanza wa asubuhi, au angalau ulioshikiliwa saa 3–4. Nawa kwa maji, jikaushe, acha sabuni na dawa za kuulia vijidudu. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke kwa vidole, mwanaume asiyetahiriwa arudishe ngozi nyuma. Mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati uingie kopo, wa mwisho uende chooni. Kopo la maabara, si chupa ya asali uliyosuuza. Ila kama tunatafuta kisonono au klamidia, kanuni inageuka: hapo nautaka ule wa mwanzo kabisa, na usiwe umekojoa saa moja kabla.

#14 · Mlezi wa Wawili

Na mtoto wa miezi 8 unamwambia mkojo wa katikati?

#15 · Daktari wa Zamu

Huwezi, na ndiyo maana kile kimfuko kinachobandikwa kwa mtoto kinatupotosha sana. Kikitoka safi, sawa, tunaamini. Kikitoka na usaha, hatuwezi kukiamini. Tunachukua upya kwa mpira mwembamba. Mtoto mwenye homa isiyo na sababu, malaria hakuna, kifua safi, masikio safi, mkojo wake upimwe. Kwa watoto maambukizi ya figo huja na homa peke yake, hana mdomo wa kusema ubavu unauma.

Nikiwa hapo hapo kwa watoto, kuna uvimbe wa figo ambao hauna uhusiano na bakteria kwenye mkojo. Mtoto ameumwa koo, au alikuwa na vidonda vya ngozi. Wiki 1 hadi 3 baada ya koo, au 3 hadi 6 baada ya vidonda, anaamka uso umevimba, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, presha imepanda. Hapo ni kinga ya mwili wake imevishambulia vichujio vya figo. Mkojo huo una chembe nyekundu, una protini, na una chembe nyeupe pia! Kama mtu wa maabara ameandika "seli za usaha 10–12" akaishia hapo, mtoto anapewa dawa ya UTI na presha yake hakuna aliyeipima. Alichotakiwa kuandika ni kasti za chembe nyekundu. Nimeiona hiyo mara mbili na mara ya pili tulichelewa.

#16 · Fundi Makanyagio

Mkuu Darubini, nimekuelewa na hasira imepungua. Sasa yule kijana wa bodaboda uliyemtundika post ya kwanza aliishia wapi?

#17 · Darubini ya Igoma

Nilidhani mmemsahau.

Kijana alikuwa na miezi 9 ya kukojoa mara kwa mara, kuchoma, na mara nyingine damu kidogo. Karatasi zote 7 zina seli za usaha, kati ya 15 na "tele". Alikuwa amepita sipro, azuma, sindano za ceftriaxone raundi 2. Kipimo cha kuotesha alikuwa hajawahi kufanyiwa hata kimoja.

Hapa ndipo nieleze kuotesha. Tunachovya kitanzi chenye kipimo maalumu, mara nyingi cha mikrolita 1, tunapaka kwenye sahani ya chakula cha bakteria, tunaweka kwenye joto la nyuzi 35–37 usiku kucha. Kila bakteria aliyekuwa hai anazaa doa lake. Madoa 100 kwa kitanzi hicho ni sawa na bakteria 100,000 kwa mililita, kile kiwango alichokitetea Edward Kass huko Marekani miaka ya 1950 na bado tunakitumia, ingawa kwa mtu mwenye dalili kali hata pungufu ya hapo linahesabika. Halafu doa hilo tunalipanda upya na vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, tuone ipi inamzuia asiote. Siku 2 hadi 3, majibu mkononi: nani, wangapi, na dawa gani inamuua.

Nikauotesha mkojo wa kijana. Sahani safi. Nikamwomba akae wiki 2 bila dawa yoyote, akarudi, nikaotesha tena. Safi. Usaha bado upo tele, mkojo una asidi, chembe nyekundu zipo. Usaha bila bakteria wa kawaida. Kwa kanda yetu ya ziwa kwanza nikatafuta mayai ya kichocho. Ule mkojo unautaka wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Nikazungusha siku 3, sikuona lile yai lenye mwiba mkiani. Nikampigia daktari simu. Akasema leta mkojo wa asubuhi, siku 3 mfululizo, tupeleke kwenye mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu.

Ikasoma kifua kikuu. Kwenye figo. Hakuwahi kukohoa hata siku moja.

Kifua kikuu hakioti kwenye sahani zetu za kawaida, hakionekani kwa kijiti, na hakisikii sipro ya siku 5. Ikimgusa kidogo inamtuliza tu na kutuchelewesha. Dawa zake kituoni ni bure, amemeza miezi 6. Tatizo, utrasaundi ilikuta figo ya kushoto imeshasinyaa. Miezi 9 ile.

Nikitazama zile karatasi 7, hakuna hata moja yenye kosa la kuhesabu. Wote walihesabu sawa.

#18 · Daktari wa Zamu

Na sisi tulioandika dawa juu ya zile karatasi tujiangalie. Mtu wa maabara alisema "usaha upo". Mimi ndiye niliyesoma "UTI".

Ila hata mgonjwa anatusukuma, tuseme ukweli. Ukimwambia tusubiri siku 3 mkojo uote, anakuona hujui kazi. Anavuka barabara.

#19 · MamaTunu

Jamani nimerudi. Naandika nikiwa kitandani, wodi, siku ya 4.

Nilikwenda siku ileile. Daktari alinigonga mgongoni nikaruka. Mkojo walinipa kopo jipya na nesi akanielekeza kama mlivyoandika hapa. Seli za usaha "zimejaa uwanja", seli za ngozi chache, na mtu wa maabara akaandika maneno yale yale: kasti za chembe nyeupe. Nilipoyasoma nikatabasamu na homa yangu, nesi akanishangaa.

Mkojo umeota. Ni Escherichia coli, zaidi ya 100,000. Sugu kwa ampisilini, septrini na sipro. Zile mbili za mwisho ndizo nilizokuwa nakunywa tangu Ramadhani! Imezidiwa na ceftriaxone, ndiyo ninayochomwa. Homa imekata tangu jana usiku. Nitraiti safari hii ilionekana, maana nesi aliniambia niubane kadiri ninavyoweza.

Na Daktari wa Zamu, lile swali lako. Walipima. Wiki ya 11. Sikuwa najua, mzunguko wangu nilidhani umevurugwa na dawa.

Nauliza: nikimaliza dozi nikijisikia vizuri, nipime tena seli za usaha au ndiyo basi?

#20 · Daktari wa Zamu

Hongera sana mama. Bora ulikwenda.

Kama usingekuwa na mimba ningekwambia ukipona dalili, basi, usifukuzane na namba. Wanawake wengi wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa na hatuwagusi. Kwa mjamzito ni tofauti: bakteria waliokaa kimya kibofuni hupanda figoni kirahisi, kwa sababu homoni za mimba zinalegeza ile mirija na tumbo linaibana. Kwa hiyo utaotesha tena kama wiki 1 au 2 baada ya dozi kwisha, halafu uwakumbushe kila kliniki kwamba ulishaugua figo. KUOTESHA, si kijiti. Na zile dawa ulizomeza kabla hujajua, mwambie daktari wa wodi majina yote na tarehe, aandike kwenye kadi.

#21 · Darubini ya Igoma

Hongera dada. Siku ya kuotesha usinywe chai ya safari, fika mapema, na waulize sampuli inapandwa saa ngapi. Kama ni mchana, omba waiweke kwenye friji mbele ya macho yako. Wakinuna, nuna nao.

#22 · Kipara wa Kwembe

Uzi wa mkojo umezaa mtoto. Shangazi, lete zile ndevu za mahindi tukoroge uji wa uzazi.

#23 · Shangazi wa Makorora

Uji wa uzazi ni pilipili manga, wewe mtoto. Mama Tunu, ukitoka wodini nitumie ujumbe, nina kanga.